Nilivyounganisha swichi za storeji za Posta na Kijitonyama

Wiki yangu ya kwanza kwenye chumba cha seva pale Posta, Dar es Salaam, seva moja ya Windows iliniuliza kama nataka kuiandaa diski mpya. Diski yenyewe haikuwa mpya, wala haikuwa yake. Ilikuwa ya seva ya hifadhidata kwenye kabati la pili, imejaa miamala ya wateja, ila kwa kuwa haikuwa imegawanywa kwa namna Windows inayoijua, ikaonekana tupu. Ningekubali, leo ningekuwa nauza vocha Kariakoo.

Swichi za faiba, zinazounganisha seva na storeji (mashine ya diski zinazotumiwa na seva nyingi), hazikuwa na zoni hata moja, yaani kundi la vifaa vinavyoruhusiwa kuonana, na storeji nayo haikuchagua nani aone nini. Nikaanza hapo. Kila kadi ya faiba ya seva niliipa zoni yake peke yake, pamoja na milango ya storeji inayoihusu tu. Wapo wanaogawa zoni kwa namba ya tundu la swichi. Mimi hutumia WWN, yaani utambulisho wa tarakimu na herufi 16 wa kadi yenyewe, maana fundi akihamisha kebo kutoka tundu la 4 kwenda la 9, zoni inaifuata kadi.

Miezi michache baadaye tukatakiwa kuunganisha na chumba chetu cha seva cha Kijitonyama kwa faiba ya kukodi, kilomita 9.

"Dogo, kebo tu hiyo," bosi akaniambia. "Chomeka, tukalale."

Jumamosi, saa sita usiku, nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka, moyo ukatulia. Kuangalia hali ya tundu, kumbe limetengwa: swichi zimeonana na kukataana.

Zote mbili zilikuwa domeni namba 1, yaani namba ya utambulisho wa swichi, kama zilivyotoka kiwandani. Anwani ya kifaa kwenye fabriki, yaani mtandao wa swichi za faiba zilizoungana, ina biti 24, na 8 za mwanzo ndizo domeni. Swichi mbili zenye domeni moja ni sawa na nyumba mbili za mtaa mmoja kupewa namba moja. Mgeni atabisha wapi? Namba zipo kuanzia 1 hadi 239, lakini kubadilisha kunadai swichi isimame kwanza.

Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na fabriki mbili, A na B, kila upande. Kabla ya kusimamisha A ya Kijitonyama nilipita seva moja baada ya nyingine kuhakikisha njia zote mbili ziko hai. Moja njia yake ya B ilikuwa imekufa, kebo imelegea tangu lini sijui. Ningeisimamisha A bila kukagua, seva hiyo ingelala chini na mimi nayo. Nikaikaza kebo, nikaisimamisha swichi, nikaipa domeni 11.

Bado zikakataana! Safari hii tatizo lilikuwa majina. Posta kuna aliasi, yaani jina linalowekwa badala ya WWN, "seva_db", Kijitonyama kuna "seva_db", na kila moja ina WWN yake. Swichi haikisii ipi ni ya kweli. Nikaanza kubadilisha, PST mbele ya majina ya huku, KJT mbele ya yale ya kule, na zoni zinazoyataja nazo, moja moja. Nilimaliza adhana ya alfajiri ikisikika. Zikaungana.

Umbali nao una madai yake: kwa kasi ya gigabiti 8 kwa sekunde, kila kilomita inataka krediti za bafa takriban 4, yaani idadi ya vifurushi vya data vinavyoweza kutumwa kabla ya kusubiri jibu la upande wa pili. Tundu lilikuwa na 8, nikalipandisha hadi 40.

Bajeti ingeruhusu, nisingeziunganisha kabisa. Ningeweka ruta ya faiba katikati, vifaa vichache vinavyohitajiana vivuke, na mtikisiko wa Posta ubaki Posta.

Upande wa B tuliufanya Jumamosi iliyofuata. Swichi ilichukua dakika 40. Kulikuwa na seva moja ya zamani ya AIX, mfumo endeshi wa IBM, iliyokariri anwani za zamani za storeji, na hiyo niliibembeleza kwa saa nzima kabla haijakubali kuziona diski zake tena.