Na Huo Mwingine, Una Uhakika Nao?

Nikaha ya wifi yangu imepita salama, mkuu mpya wa shule ameripoti kazini na ratiba yangu ya vipindi vya Kiswahili imepanguliwa yote, lakini kinachoniweka mezani usiku huu ni swali moja ambalo mama mkwe aliniuliza siku ya Alhamisi. Lilikuwa swali fupi, lililoulizwa kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo nimelijibu moyoni kwa namna nyingi bila kupata jibu linalonitosha.

Mnaomfahamu mama mkwe wangu, Mama wa Bombo, kutokana na niliyokwisha kuyaandika mnajua kwamba hapandi teksi kuja kwetu Kawempe, Kampala, ila kwa jambo kubwa, na kwamba akija haji kukagua nyumba ya mtu. Alikuja kwa ajili ya nikaha. Adhuhuri ilipoadhiniwa alitawadha, akauchukua mswala wa kijani unaokaa kwenye kona ya sebule, ule aliomletea mume wangu, Baba Hanifa, aliporudi kutoka hija, akautandaza, akainama kuunyoosha ukingo, kisha mkono wake ukasita.

"Mwanangu, mswala huu umelowa."

"Ni Simsim, mama," nilimwambia, kwa sababu harufu ya mkojo wa paka haikuacha nafasi ya kusema neno jingine. "Niwie radhi. Kuna mwingine chumbani, ngoja nikuletee."

Aliukunja mswala taratibu, pembe kwa pembe, upande uliolowa ukiwa ndani, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Na huo mwingine, una uhakika nao?"

Sikumjibu. Alisubiri kidogo, akaenda kuosha mkono, akajitanda upya, akasema, "Basi mimi nitasali kwa Mama Shamim, halafu nirudi tusaidiane kupika." Akavaa viatu, akatoka, na mimi nikabaki nimesimama na mswala wa Makka mikononi.

Hakusema kwa ukali, na ningependa jambo hili lieleweke vizuri. Mama wa Bombo anawapenda paka. Kwake kuna paka wasio na mwenyewe wanaokula mlangoni kila jioni, na ndiye aliyenikumbusha, mara ya kwanza nilipomleta Simsim nyumbani, ile hadithi aliyoipokea Abu Qatada na kuandikwa na Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba paka si najisi bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Lakini mkojo wake ni jambo jingine, na mahali pa kusujudia pana hukumu yake. Kwa hiyo sikuumizwa na kukataa kwake mswala uliolowa, kwa maana hata mimi nisingesali juu yake. Kilichoniuma ni ule mwingine, mswala mkavu uliokuwa umekunjwa juu ya kabati, ambao nyumba yangu haikuweza tena kuudhamini.

Usiku ule, wageni walipolala, jibu lilinijia likiwa zuri na limekamilika. Ningemwambia, "Mama, yakini haiondolewi na shaka." Hiyo ni kanuni ya fiqhi, elimu ya sheria za dini, tuliyoifundishwa madrasa tukiwa wadogo: kitu hubaki katika tohara yake, yaani usafi wake wa kidini, mpaka ijulikane kwa hakika kwamba kimeingiwa na najisi, na hakuna aliyeona tone juu ya mswala wa chumbani. Kisha nikakumbuka kwamba Mama amewasomesha watoto wa Bombo kwa miaka mingi na anaijua kanuni hiyo kuliko mimi. Kwa hiyo hakuwa akiniuliza juu ya fiqhi. Alikuwa akiniuliza kama najua yanayotokea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kwa Alhamisi ile nisingeweza kuapa juu ya kitambaa chochote kilichokuwa karibu na sakafu.

Mchana ule, Mama alipokuwa bado kwa Mama Shamim, nilianza kukagua. Nilipata unyevu kwenye kapu la nguo chafu, kwenye tambara la kufutia miguu na kwenye zulia dogo la Hanifa, na madoa yote yalikuwa madogo, yakiwa chini, juu ya vitu laini. Kuta zilikuwa kavu. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa yeyote anayefuga paka, kwa sababu paka dume anayeweka alama za mpaka wake husimama, huinua mkia ukitetemeka na kurusha mkojo ukutani au mlangoni, na Simsim wetu alihasiwa mapema, jambo ambalo huwaondolea tabia hiyo wengi wao. Paka anayechuchumaa na kuacha vijidoa hapa na pale ana habari nyingine. Doa la mwisho nililiona juu ya kigae cheupe cha bafuni, mahali ambapo rangi haiwezi kujificha, nalo lilikuwa na wekundu.

Hapo aibu iliniondoka, ikaingia hofu.

Nilimkuta ndani ya beseni lake la mchanga. Alichuchumaa, akakaza mwili, akatoka, akarudi, akachuchumaa tena, kisha akajilamba chini ya tumbo huku akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Ikizibwa na fuwele au ute, mkojo hurudi nyuma, figo hushindwa, potasiamu huongezeka katika damu mpaka moyo unaweza kusimama, na mnyama aliyekuwa mzima anaweza kufa ndani ya siku mbili tu. Ndiyo maana paka dume anayekaza bila kutoa mkojo hangojewi mpaka asubuhi, wala wageni hawangojewi waondoke kwanza. Mama Shamim, aliyekuwa amerudi pamoja na Mama, alishauri kwa nia njema kabisa nimpe Simsim nusu ya kidonge cha Panadol apunguziwe maumivu, nami nilimshika mkono kumzuia. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini letu linavyofanya. Huharibu damu yake isiweze kubeba hewa, na hata kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ninaliandika hapa kwa sababu ni ushauri unaotolewa na majirani wengi wenye moyo mwema, na vidonge hivyo vimo katika kila nyumba.

Tulimtia ndani ya kapu, tukalifunika kwa leso, nikapanda bodaboda. Wageni walibaki na Mama, ambaye alichukua mwiko bila kuulizwa.

Daktari wa wanyama alimbonyeza tumbo kwa upole na kuniambia kwamba kibofu ni kidogo na hakijawa kigumu, yaani mkojo unapita. Sina namna ya kueleza jinsi nilivyoshukuru. Alichukua mkojo kidogo, akaupima na kuutazama kwa hadubini, akaona damu lakini hakuona fuwele wala bakteria. Alisema kibofu kimevimba bila maambukizi, hali inayowapata paka wengi wa ndani, hasa pale maisha yao yanapovurugwa, na kwamba antibiotiki hazina kazi hapa. Alimpa dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kisha akaweka kalamu chini na kuanza kuniuliza kuhusu nyumba badala ya kuniuliza kuhusu paka. Nilimweleza habari za mafundi waliopaka rangi kabla ya harusi, viti vilivyohamishwa, wageni wanaolala sebuleni, na beseni la mchanga ambalo mafundi walilitoa bafuni na kuliweka nyuma, kando ya jenereta inayowashwa kila umeme unapokatika. Alitikisa kichwa. Halafu akanieleza jambo lililobadilisha namna ninavyoiona Alhamisi yote: paka anayepata maumivu akikojoa hulihusisha beseni na maumivu hayo, akaliogopa, na akatafuta mahali laini, penye utulivu, ambapo anatumaini hapataumiza.

Kona ya sebule unapokaa mswala ndiyo kona tulivu kuliko zote nyumbani kwetu, kwa kuwa sisi wenyewe tumeifanya iwe hivyo. Watoto hawaruhusiwi kupiga kelele pale wala viatu havifiki. Simsim hakuuchagua mswala wa Makka kwa dharau wala kwa kisasi, kama alivyodhani mmoja wa wageni aliyependekeza apigwe na kusuguliwa pua mkojoni. Kumpiga kungemwongezea woga, na woga ndio uliomfikisha hapo.

Tangu hapo tumepanga upya mambo yake. Beseni limerudi bafuni, na la pili limewekwa mwisho wa korido, kwa kuwa kanuni wanayoifuata madaktari ni kuwa na beseni moja zaidi ya idadi ya paka, ili asiyepapenda hapa aende pale. Yote mawili ni mapana kiasi cha kumwezesha kugeuka bila kugusa ukingo, hayana mfuniko, na yana mchanga wa ziwa uliochekechwa vizuri, usiotiwa manukato, kwa sababu pua yake inaudhika na kile ambacho yetu inakiita harufu nzuri. Uchafu unatolewa asubuhi na jioni. Beseni huoshwa kwa sabuni nyepesi na maji, bila klorini.

Na maji, zaidi ya yote. Wazee wa paka hawa wa nyumbani ni paka mwitu wa Afrika, wanyama wa nchi zenye ukame ambao figo zao zimezoea kubana maji na kutoa mkojo mzito, na ndiyo sababu Simsim anaweza kushinda mchana kutwa bila kulisogelea bakuli. Mkojo mzito unakiunguza kibofu kilichokwisha kuvimba. Mukene mkavu, yaani dagaa, aliokuwa akiutafuna sasa unachemshwa bila chumvi na kupewa pamoja na supu yake, na mabakuli ya maji yamewekwa mbali na chakula, katika vyumba viwili tofauti. Hanifa amejitwika kazi hiyo, na anaifanya kwa uaminifu ambao ningependa kuuona katika hesabu zake.

Mswala wa kijani ndio ulionichukua muda. Kisheria, ukishaoshwa mpaka rangi na harufu zikaondoka, umetoharika. Lakini asidi ya yuriki iliyomo katika mkojo wa paka haiyeyuki vizuri katika maji. Hubaki ndani ya nyuzi, na hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo msimu huu wa mvua, harufu huamka tena, kwanza kwa pua ya paka, ambaye huisoma kama mwaliko wa kurudi palepale. Nilitumia sabuni yenye vimeng'enya, kwa maji baridi, nikauacha ulowe usiku kucha, nikausuza mara nyingi na kuuanika juani.

Kisha nikafanya jambo ambalo Baba Hanifa aliliona la ajabu. Nilikwenda kwa kijana wa pesa za simu hapo barabarani, nikaazima ile taa yake ya kukagulia noti bandia. Miale yake hufanya mkojo wa paka ung'ae gizani, ingawa sabuni ya unga nayo hung'aa, kwa hiyo jicho lazima lisaidiwe na pua. Nilizima taa zote, nikapita chumba hadi chumba nikiwa nimeinama. Zulia la Hanifa liling'aa, na nimeliosha. Chini ya meza ya televisheni paling'aa, na nimepaosha. Mwisho nikautandaza kitandani ule mswala wa chumbani, ambao haujaguswa na sabuni tangu ununuliwe, nikaupitia kutoka ukingo hadi ukingo, mbele na nyuma. Ulikuwa mweusi wote. Nikaunusa wote. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, "Nina uhakika nao, mama."

Lakini Mama alikwisha kurudi Bombo. Jana alipiga simu, tukazungumza juu ya bibi harusi na vyombo vya kuazima ambavyo havijarejeshwa, na kabla ya kuagana akauliza, "Na yule mgonjwa wetu, anakojoa?" Nilimwambia anakojoa, na damu haipo tena. Akasema, "Alhamdulillahi," kwa furaha niliyoisikia waziwazi. Mswala hakuutaja. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni, nikaona ingekuwa kama kumkumbusha mgeni jambo aliloamua kulistiri, nikainyamazia. Baba Hanifa anasema mama yake aliuliza tu, kama mtu anavyouliza kama chai ina sukari, na kwamba ameshasahau. Amekuwa mtoto wake kwa miaka mingi, lakini mimi nilimtazama usoni wakati anauliza, na sikubaliani naye. Nadhani aliuliza kwa sababu alikuwa ameinusa nyumba tangu alipoingia, akanipa nafasi ya kulijua jambo hilo bila kuniambia mbele ya watu. Atakapokuja tena nitaitandaza miswala yote miwili, nimwachie achague.

Leo asubuhi Simsim alilitumia beseni la korido. Alichimba, akachuchumaa mara moja tu, akafukia kwa makini, akaondoka bila kulia, na donge aliloliacha lilikuwa kubwa kama linavyotakiwa. Nilimwita Hanifa aje aone, naye alikuja, akatabasamu kidogo, akarudi chumbani. Hilo sasa ndilo linalonisumbua. Amehamishwa dawati darasani katikati ya muhula, hataki kusema kwa nini, na sijaamua kama nimuulize tena kesho au nimpigie simu mwalimu wake kwanza.