Tambi za oveni na vita vya pembe

Mama nilimwambia mapema: leo jikoni hukanyagi. Akacheka, akasema, "Haya, tutaona tutakula saa ngapi." Walaji tulikuwa saba, na kwetu mpishi siku zote hula wa mwisho, chakula kimeshapoa na jasho bado halijamkauka. Nilikuwa nimechoka kumwona hivyo. Nikataka chakula ambacho kikishaingia kwenye oveni hakimhitaji mtu, nikae na wenzangu nipige soga.

Ndipo nikachagua tambi za kuoka. Nyama ya kusaga nusu kilo nilishaiunga mchana kwa vitunguu na nyanya, nikaiacha na mchuzi wake bila kuikausha. Tambi, pakiti moja ya gramu 500, nilizichemsha kwenye maji ya chumvi nikazichuja dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Dada akaonja moja.

"Hizi bado."

"Ziache hivyohivyo. Zitamalizikia kwenye oveni."

Akanitazama kwa mashaka, lakini ndivyo ilivyo: tambi huendelea kunywa mchuzi zikiwa zinaokwa, na zikiingia zimeiva kabisa zinatoka kama uji.

Kazi yenyewe ilikuwa sosi nyeupe. Siagi gramu 50, ikayeyuka, nikatia unga wa ngano kipimo hichohicho, nikakoroga hadi harufu ya unga mbichi ikaisha. Kisha maziwa, zaidi kidogo ya nusu lita, kwa kumiminia taratibu. Hapo simu ikiita, acha iite. Ukigeuza shingo tu, madonge. Nilikoroga mpaka sosi ikaganda mgongoni mwa mwiko, nikipitisha kidole alama inabaki. Nikaikunia kungumanga, nikatia konzi ya jibini. Mengine hayana masharti. Nyama ikikosekana, uyoga unafaa, hata dengu.

Nikachanganya vyote kwenye trei, jibini lililobaki juu, nikafunika kwa foili. Oveni nyuzi 180, dakika 20 kwa kufunika, nyingine 15 bila foili ili juu pakauke na kubadilika rangi. Mama akatokea mlangoni.

"Nimefuata maji ya kunywa."

Mkononi ameshika glasi, imejaa.

Nilimrudisha sebuleni, nami nikaketi pembeni yake. Ilipotoka, trei ilikuwa bado inatokota kingoni, na kila mtu akataka ikatwe palepale. Nikakataa. Bila kuiacha kama dakika kumi ishikane, unapakua mchuzi, hupakui kipande.

Baba, ambaye kwake tambi ni kitafunwa cha asubuhi, alitangaza kwamba ataonja tu. Akaruka katikati yote laini, akachomeka kijiko kwenye pembe, pale jibini lilipokuwa la kahawia na tambi zimekauka zikawa zinalia mdomoni.

"Babu, hiyo yangu!" mtoto wa dada akaruka.

"Imeandikwa jina?"

Trei ina pembe nne, sisi saba. Dada akadai ya pili, eti kwa sababu yeye ndiye aliyechuja tambi, ingawa alichofanya hasa ni kuzilaumu. Maneno yakawa mengi, mjukuu akasema bibi ndiye aamue. Tukageuka. Mama alikuwa ametulia kwenye kiti chake, anatafuna, na kwenye sahani yake pembe mbili zilizobaki.

"Nyie endeleeni," akasema. "Mimi leo mgeni."