Zumari kizimbani: siku 26 za mwanzo

Usiku wa 1

Saa saba kasoro usiku na huyu mtoto wa mbwa bado analia. Nimekaa sakafuni sebuleni na daftari la hesabu la binti yangu, maana hata nikienda kitandani silali. Mbwa tumemchukua leo mchana Himo: dume, mweusi, miguu ya mbele kama kavaa soksi, wiki nane tangu azaliwe. Njia nzima ndani ya boksi hakutoa hata mguno. Tulipofika Moshi na kumwingiza kizimbani ndipo akafungua koo. Binti alishampa jina kabla ya chakula cha usiku: Zumari.

Tunaishi nyumba ya kupanga, uwanja mmoja na wapangaji wengine wawili. Banda sina pa kulijenga, na mbwa wa umri huu ukimwacha huru usiku atatafuna waya wa friji. Ndiyo nikampelekea fundi wa kuchomelea vipimo vya kizimba, sentimita 90 kwa 60, nondo nyembamba na wavu, nikajiona kazi imeisha.

Ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba cha jirani, mama wa vitumbua. Saa tisa usiku anaamka kuwasha jiko.

Siku ya 2

Asubuhi kaniita bombani. "Jirani, huyo mtoto wenu anaumwa?" Nikaomba radhi. Hakununa, na hilo ndilo lililoniuma.

Usiku huu nimekihamishia kizimba chumbani, ubavuni mwa kitanda, nikaning'iniza mkono mpaka ukagusa wavu. Dakika 20 za kulalamika, kisha kimya. Ukifikiri vizuri, jana nilimfungia gizani peke yake kiumbe ambaye tangu azaliwe amelala kabanwa na ndugu watano. Hata mimi ningelia.

Siku ya 4

Kizimba kina kasoro tatu, zote zangu.

Ya kwanza ni ukubwa. Nilipima nikimfikiria atakapokuwa mbwa mzima, kwa hiyo sasa anakojoa kona moja na kulala kona ya pili bila wasiwasi. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini nafasi ikizidi anajipatia choo na chumba humo humo. Nimekata kipande cha plaiwudi nikakiziba katikati; nafasi iliyobaki inamtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Akikua nitakisogeza.

Ya pili ni komeo. Chuma kwa chuma, kila ukilivuta linapiga *kwacha!* na mbwa anaruka. Yaani kabla mlango haujafungwa ameshaanza kuogopa mlango. Nimelizungushia mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli na kuufunga kwa uzi wa viatu. Sasa linaingia polepole, kama droo ya kabati.

Ya tatu ni kwamba anaona kila kitu kinachopita. Mke wangu akatoa kanga ya zamani tukafunika juu na pande tatu, mbele tukaacha wazi apate hewa. Asubuhi ndipo nikasoma maandishi yaliyoelekea dirishani: "Kelele za mlango haziniwasi usingizi". Niliigeuza haraka, jirani asije akadhani anasemwa.

Usiku wa 5

Nimeharibu. Saa tano alianza kubweka, si kulia tena, kubweka kabisa. Kwa kumwogopa jirani nikavumilia dakika tatu, nikafungua nikambeba. Akanyamaza palepale. Nikamrudisha, akabweka dakika saba, nikafungua tena.

Hesabu yake ni rahisi: dakika tatu hazikutosha, saba zimetosha, kesho anza na saba. Nimemfundisha mwenyewe.

Siku ya 6 hadi 9

Nimeacha kuhangaika na usiku, nafanya kazi ya mchana. Mwalimu ni dagaa wa Mwanza. Dagaa mmoja unamkata vipande vitatu, unakirusha kimoja ndani ya kizimba, mlango wazi, humsukumi wala humwiti. Anaingia, anakula, anatoka. Mara kumi asubuhi, kumi jioni. Bakuli la ugali nalo liliwekwa kwanza mlangoni, siku iliyofuata ndani kidogo, leo liko mwisho kabisa na mkia ndio unaobaki nje.

Leo nimeanza kufunga anapokula. Sekunde tano, nafungua kabla hajamaliza. Kumi. Thelathini. Akiguna nasubiri anyamaze, hata kama ni pumzi moja tu, hapo hapo nafungua. Ugumu wote uko kwenye hiyo pumzi. Ukichelewa anaanza tena, ukiwahi umefungulia kelele. Binti ana jicho zuri kuliko langu. Ananiambia "sasa, baba" kabla sijamaliza kufikiri.

Jambo moja sikulitegemea: akichoka ndipo anapozidi makelele, kama mtoto mdogo anayepigana na usingizi. Mbwa wa umri huu analala saa 18 hadi 20 kwa siku. Watoto wa uwanjani walikuwa wanamchezea mchana kutwa, sisi tukasema usiku atalala fofofo. Kumbe kinyume. Sasa baada ya saa moja ya kucheza anaingia kizimbani, kanga inashushwa.

Usiku wa 10

Huu naandika kwa aibu.

Saa nane alinung'unika. Sauti ndogo, ya puani, inakatika na kurudi. Mimi nikasema leo sifungui, nimejifunza. Akaanza kuzunguka, nasikia kucha juu ya gunia. Nikajifunika shuka. Halafu harufu ikanifikia.

Alikuwa anaharisha. Jioni binti alimpa kikombe cha maziwa ya ng'ombe kwa mapenzi yake, na matumbo ya mbwa wengi hayayawezi. Nimemkuta kajibana ubaoni, kakunja miguu asikanyage uchafu, ananitazama. Tumeosha kila kitu saa tisa uwanjani, taa ya jikoni ya jirani ikituangazia. Alitoka na ndoo ya maji ya moto aliyokuwa ameichemshia kazi yake, akaiweka chini, akasema "Pole, jirani," akarudi jikoni.

Tangu usiku huo naandika aina ya kilio, siyo dakika tu. Kinachoanza mara tu mlango ukifungwa, kikubwa, chenye vituo vya kusikiliza kama kuna mtu anakuja, hicho ni cha kudai. Kinachoanza kidogo kidogo baada ya usingizi, pamoja na kuzunguka au kuhema, hicho ni haja, na hicho hakingojewi. Nafungua, namtoa kwa tochi ya simu mpaka chini ya mparachichi, simsemeshi, simchezei, akimaliza anarudi. Kwa umri huu wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa tatu hivi, kwa hiyo naweka kengele saa sita na saa tisa nimtoe kabla hajaniita.

Siku ya 13

Daktari wa mifugo: dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza. Marudio baada ya wiki tatu, ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu. Alilala njia nzima.

Usiku wa 15

Kilio cha kudai, dakika 34, kikali kuliko chote. Jioni nilikuwa nimemwonya jirani kwamba leo sitafungua hata iweje. Dakika ya 30 sauti ilipanda mpaka nikashika komeo. Nikaliachia. Dakika nne baadaye akapumua kwa nguvu kama mzee aliyetua mzigo, akalala.

Usiku wa 16: dakika 9. Wa 17: dakika 2. Wa 18 sikuandika kitu, nililala kabla yake.

Siku ya 26

Jana alasiri nilimkuta ndani bila kuitwa, mlango wazi, kalala chali. Mchana tumefikia kumwacha kizimbani muda wa saa moja na nusu tukiwa hatupo nyumbani, binti wa jirani ndiye shahidi. Akisikia pikipiki bado anabweka, hilo sijaligusa.

Leo bombani mama wa vitumbua kanisogelea, kapunguza sauti. "Jirani, yule mbwa mmemgawa?"

Kesho nakisogeza kizimba hatua moja kutoka kitandani kuelekea mlangoni.