Dawa ya Magugu Haijui Kunde

Mwaka ule masika yalianza vizuri, na magugu yakaanza vizuri zaidi. Tuna ekari tatu Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, ambazo mama yangu alizipalilia kwa jembe la mkono tangu sijazaliwa. Mgongo ulipomkatalia, kazi ikaniangukia mimi niliyerudi kijijini baada ya miaka ya bodaboda Tanga mjini. Vibarua nao, wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, huwapati kwa fedha yoyote. Kila mtu yuko kwake. Nikavuka kwa kivuko, nikaingia duka la pembejeo, nikaomba dawa ya magugu ya mahindi.

"Hii inachagua, kaka," muuzaji akaniambia. "Inaua majani mapana, mahindi haiyagusi. Bomba tano kwa ekari, basi."

Hakunidanganya. Ila hakuniuliza kama katikati ya mahindi kuna kitu kingine, na mimi sikumwambia. Kulikuwa na kunde. Huku kwetu nani anapanda mahindi peke yake?

Nilipiga dawa kwa bomba la kubeba mgongoni kuanzia saa sita mchana, baada ya chai na soga, huku upepo wa baharini umeshaamka. Jioni majani ya kunde yakaanza kuinama. Siku ya tatu mashina yalikuwa yamejisokota kama kamba mbichi, na kishona nguo, gugu lenyewe, pia kimelala, na mimi sijui nifurahi au nilie. Siku ya nne akaja jirani yangu wa upande wa magharibi, bibi ambaye kijiji kizima tunamwita Bibi tu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, umepiga nini? Njoo uone mihogo yangu."

Majani machanga ya mihogo yalikuwa yamekonda yakawa kama nyuzi, yamejikunja kwenda chini. Mistari miwili ya mpakani yote ilikuwa hivyo. Mingi ilikuja kuchipua tena, lakini ilidumaa, na baada ya mavuno nilimpelekea gunia la mahindi. Alipokea bila maneno. Ningependelea anitukane.

Aliyenifungua macho ni dada wa ugani wa kata yetu. Alikaa chini ya mwembe na ile chupa, akanisomesha kibandiko kama mtoto wa darasa la kwanza. Kiini cha dawa kilikuwa 2,4-D. Akasema hii inaiga homoni ya ukuaji ya mmea: mmea wa majani mapana ukiipata, unakua ovyo bila mpangilio mpaka unajinyonga wenyewe. Mahindi, mpunga na miwa, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, vinaihimili. Kwa hiyo dawa haijui gugu ni nini. Kwake kunde, mihogo, nyanya, pamba, mpapai na kishona nguo ni ukoo mmoja. Kinachoitwa kuchagua ni uwezo wa zao kuvumilia, na uvumilivu huo una mipaka: kipimo kikizidi, au mahindi yakishakuwa makubwa, nayo yanaumia. Hapo nikakumbuka kona moja ya shamba ambako mahindi yalifika magotini wakati napiga. Upepo wa kwanza mkali uliyavunja chini kabisa, pu! kama biskuti. Nilikuwa nimemlaumu nguruwe.

Halafu akaniuliza swali lililoniaibisha: natembea kasi gani? Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia nipime mraba wa mita 10 kwa 10, nitie maji matupu kwenye bomba, nipulizie mraba ule kwa mwendo wangu wa kawaida, kisha nipime maji yaliyopungua. Zilienda lita 3. Ekari ina miraba kama 40 ya namna hiyo, kwa hiyo mimi natumia lita 120 kwa ekari, yaani mabomba saba na nusu ya lita 16, si matano. Kibandiko kilisema lita 2 kwa hekta. Hekta! Hapo chini ya mwembe nilisoma nikadhani ekari, wakati hekta moja ni ekari mbili na nusu. Ekari yangu ilihitaji mililita 800 tu. Ukizigawa kwa mabomba matano, kila bomba linapata 160, na ndivyo muuzaji alivyonipimia. Kwa mabomba yangu saba na nusu, kila moja lilistahili kama 107. Nilikuwa nimemwaga dawa mara moja na nusu ya inayotakiwa, kwa fedha yangu mwenyewe. Hesabu hizo ni za chupa ile na miguu yangu. Yako utaipima mwenyewe, na ukibadilisha nozeli, kile kichwa kinachotoa dawa, unapima upya. Nozeli nayo niliibadilisha. Ile ya duara ya kupigia wadudu inatoa ukungu mwembamba unaopeperuka. Ya magugu ni ile inayotandaza kama feni, matone makubwa kidogo, nayo naishikilia chini karibu na majani.

Msimu uliofuata nilitenganisha. Mahindi ekari mbili, kunde ekari moja. Mama alinuna wiki nzima, akasema nalima kizungu. Kwenye mahindi nilipiga mchanganyiko wa atrazini na S-metolaklori siku mbili baada ya kupanda, kabla chochote hakijachomoza. Dawa hizi zinafanya kazi kwenye udongo wenye unyevu. Ukipiga kwenye vumbi ukangoja mvua isiyokuja, umeanika fedha juani. Mahindi yana uwezo wa kuivunjavunja atrazini ndani yake, magugu mengi hayana. Lakini atrazini inakaa udongoni, na jamii ya mikunde haiipendi hata ikibaki kidogo, kwa hiyo ukiipiga masika fikiri kwanza vuli utapanda nini hapo. Mimi nilirudisha mahindi.

Kwenye kunde ikawa kinyume chake, na hapa ndipo mama alipocheka mara ya kwanza. Dawa ya kunde, yenye kiini cha kwizalofopu, inaua nyasi na kuacha majani mapana. Mahindi machache yaliyoota humo kutokana na punje za msimu uliopita yalikauka pamoja na sangari. "Kumbe na mahindi ni gugu!" akasema. Kwenye ekari ya kunde, ndiyo.

Nyasi zilizochelewa kwenye mahindi nilizipiga na nikosulfuroni, mahindi yakiwa na majani manne hadi sita. Wiki hiyohiyo viwavijeshi vamizi vilikuwa vimeingia, na mkono uliniwasha kuchanganya dawa mbili kwenye bomba moja nimalize kazi. Kibandiko kilikataa: nikosulfuroni ikikutana na baadhi ya viuadudu, hasa vya kundi la organofosfati, mahindi yenyewe yanashindwa kuisaga na yanaungua. Niliacha siku zipite katikati kama kilivyoelekeza.

Bomba ndilo somo nililolipia mara mbili. Baada ya ile 2,4-D ya mwanzo nililisuuza mara moja kwa haraka, kisha nikalitumia kupiga wadudu kwenye nyanya za mama nyuma ya nyumba. Masalio kidogo tu kwenye mpira yalitosha, nyanya zote zikajisokota. Sasa ninayo mawili. La magugu lina kifuniko nilichokipaka rangi nyekundu, na halimpigii mtu wadudu hata aje na barua ya mwenyekiti wa kijiji.

Kuhusu mwili sitasema mengi, maana kila mtu ameshaambiwa avae glavu na hakuna anayevaa. Mimi nilianza kuvaa siku bomba lilipovuja mgongoni nikaendelea kupiga kwa sababu zilibaki hatua chache. Usiku ngozi iliwaka kama nimelalia upupu. Bomba likivuja, weka chini, vua, oga kwa sabuni na maji mengi, mengine baadaye. Nguo za kazi zina ndoo yake, hazifuliwi na kanga za mama. Chupa tupu naisuuza mara tatu, maji yake yanarudi bombani yakapigwe shambani, kisha naitoboa kwa panga asije mtu akaitilia mafuta ya kula. Mtoni sisogei. Na nikinunua naangalia ukanda wa rangi chini ya kibandiko, nyekundu ikiwa ndiyo ya hatari zaidi, na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoanzishwa kwa sheria ya 2020 na kuchukua kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha. Chupa isiyo na kibandiko, hata iwe nusu bei, naiacha.

Ndago bado ipo. Dawa zangu zote hizi zinaipita, inatikisa kichwa tu, na kiazi chake chini kinacheka. Hiyo tunaingoja kwa jembe, mama akiwa kwenye kigoda ananionyesha nilipoacha. Palizi zilikuwa mbili na nusu kwa msimu, sasa ni moja nyepesi.

Siku hizi napiga dawa alfajiri ikishapambazuka, umande ukianza kukauka, na ikifika saa tatu nimemaliza, kabla bahari haijaamka. Juzi nilikuwa najaza maji Bibi akatokea mpakani mwake na kiganja cha majivu ya jikoni. Akayarusha juu. Yakaenda moja kwa moja kwenye mihogo yake.

"Kesho," akasema.

Nikamwaga maji, nikarudi nyumbani kunywa chai.