Jamhuri ya Ukwaju: kumbukumbu ya mchezo wa vyama tunaouchezea barazani Nkuhungu, Dodoma

Februari, mwanzo

Wazo lilikuja dukani. Nina kibanda cha fotokopi karibu na Jamatini, na siku zisizo na wateja huwa nakata vipande vya manila vilivyobaki nikichora ramani za nchi zisizokuwepo. Safari hii nchi ikapata jina, Jamhuri ya Ukwaju. Ina mikoa 12, mmoja wao kisiwa katikati ya ziwa, na imetawaliwa na chama kimoja tangu uhuru. Sasa ndiyo imeamua kuruhusu vyama vingi. Kila mchezaji anashika chama, anakisemea na kukidanganyia akibidi. Mimi ni mwendesha mchezo: nawaigiza wenyeviti wa vijiji, waandishi wa habari, mvua na njaa.

Vyama ni vinne, na nimevipa alama tu. Kinu ndicho chama kikongwe. Taa, Ngalawa na Filimbi ni vipya. Nilitaka kimojawapo kiwe Jembe, lakini Mzee, jirani yangu aliyestaafu ukarani, akakataa katakata. Enzi za chama kimoja, tangu uchaguzi wa 1965, wagombea ubunge wawili wa TANU walipewa alama za jembe na nyumba, na yeye anaapa kwamba ukipewa jembe vijijini umeshashinda nusu. "Huwezi kumwambia mkulima wa Kongwa asipigie jembe kura," alisema. Jembe likafutwa.

Wachezaji: Mzee anashika Kinu (nani mwingine?). Mwalimu, dada anayefundisha uraia sekondari, ana Taa. Fundi simu ana Ngalawa, na anataniwa kila wiki kwamba ameleta mtumbwi Dodoma. Kijana wa bajaji ana Filimbi.

Februari, kusajili vyama

Sheria ya kwanza nimeichukua karibu ilivyo kwenye Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992. Huku kwetu chama hupata kwanza usajili wa muda, kisha ndani ya siku 180 kionyeshe wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Mimi nimepunguza: visoda viwili kwenye kila mkoa kati ya mikoa mitano, na mmoja lazima uwe kisiwa. Muda wake ni Jumamosi mbili.

Nilidhani hii itakuwa sehemu ya kupita haraka. Kumbe ndiyo iliyowanogea zaidi. Sheria hiyo inakulazimisha uende mahali usikojulikana. Bajaji alikuwa na watu wake mjini, wengi kabisa, lakini hawakumsaidia kitu. Ikabidi asafiri hadi mkoa mkavu wa kaskazini, na huko mwenyekiti wa kijiji ni mimi.

"Mbukwenyi," nikamwamkia kwa Kigogo. Akabaki ananitazama. Mwalimu akamnong'oneza jibu.

"Mzee, tumekuja kuwaletea mabadiliko," akaanza.

"Mmekuja na nini?"

"Mabadiliko, mzee."

"Hayo nimesikia. Nauliza mmekuja na maji?"

Dakika arobaini nzima. Alitoka pale na wanachama wawili, mmoja wao mlevi. Wakati anahesabu visoda vyake upepo ukapiga barazani, manila ikapinduka, na mikoa mitatu ikaishia mtaroni. Tangu siku hiyo ramani inashikiliwa na mawe manne. Anayeijua Dodoma hahitaji kuelezwa zaidi.

Machi, uchaguzi wa kwanza na aibu ya mahindi

Sikutaka dadu. Dadu hupandisha na kushusha bila sababu, na mtu aliyefanya kampeni ya wiki nne hapaswi kushindwa kwa sababu mfupa umegeuka. Nikabuni kopo. Kila mkoa, chama kinatia koponi mbegu kulingana na kazi kiliyoifanya huko, kisha zinachotwa tano bila kuangalia. Hizo ndizo kura za mkoa. Mwenye nyingi anapata mbunge, na jumla ya kura za mikoa yote, 60, ndiyo inayotoa rais. Kinu kilikuwa mahindi, Taa kunde, Ngalawa choroko, Filimbi alizeti. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, na mchotaji alikuwa mjukuu wa Mzee, wa darasa la nne.

Kinu kikapata 31.

Mwalimu ndiye aliyeona. Alichukua kopo, akafumba macho, akachota. Mahindi. Akachota tena, mahindi. Punje ya mahindi ni kubwa, kidole kinaikuta kabla hakijaikuta choroko, na mkono wa mtoto hushika kinachoshikika. Hakuna aliyeiba, ila Bajaji alishasimama, anapaza sauti hadi muuza chapati wa ng'ambo ya barabara akaja kuangalia kuna nini.

Nilikubali kosa ni langu. Swali likawa turudie mikoa yote au ile iliyobishaniwa tu. Mzee, ambaye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, akakumbusha kwamba Oktoba 1995 uchaguzi wa Dar es Salaam ulifutwa baada ya vifaa kuchelewa, ukarudiwa Novemba, wakati mikoa mingine imeshapiga kura na matokeo yanajulikana. "Ukirudia kidogo, wanaorudia wanapiga kura wakijua nani anaongoza," alisema. "Rudia yote." Ningekuwa mimi nimeshika Kinu, nisingesema hivyo.

Wiki iliyofuata tulikuwa na visoda 160, vyote sawa mkononi, vimepakwa rangi ya kucha upande wa ndani. Rangi nne, jioni mbili za kazi, na chumba kizima kinanuka. Kopo likarudi. Matokeo: Kinu 22, Taa 17, Ngalawa 13, Filimbi 8. Uchaguzi safi kabisa, na Kinu kikashinda tena, viti 7 kati ya 12.

"Hii ni Kenya ya 1992," Mwalimu akasema. Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36, na waliobaki wakagawana zilizosalia: Matiba, Kibaki, Oginga Odinga. Kinu chetu kina 22 ya 60. Piga hesabu mwenyewe.

Fundi akamjia juu. Akasema kuungana si dawa ya kila kitu, na kwetu 1995 hata wangeungana wasingefika: Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4, Cheyo 4. Jumlisha watatu hao, ni 38.2. Wakabishana mpaka giza likaingia, na mimi nikaandika tu. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa nchi yake, na mchezo wangu ulikuwa na nafasi ya nchi moja tu.

Machi mwishoni

Bajaji hakuja.

Aprili

Hakuja tena. Nilimkuta Sabasaba, akaniambia amebanwa na kazi. Halafu akacheka, akasema, "Boss, nina visoda vinane na mbunge hata mmoja sina. Nije nikae kuangalia Mzee anavyotawala?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimetengeneza mchezo wa kushinda tu. Sheria kurasa tisa, na hata mstari mmoja hausemi aliyeshindwa anafanya nini Jumatatu asubuhi. Katika nchi iliyofungua vyama jana, hilo ndilo swali lenyewe. Mtu akishindwa mara ya kwanza, ana sababu gani ya kurudi mara ya pili badala ya kuokota jiwe, au kukaa nyumbani?

Kisha likaja Bunge la bajeti, mji ukajaa, nyumba za wageni zikajaa, fotokopi ikawa mchana na usiku. Jumamosi zote za Mei zikapotea. Silalamiki, ndipo ada za watoto zinapotoka.

Juni, kanuni mpya

Nimeandika upya nusu ya mchezo. Yaliyobadilika kwa kweli ni machache.

Ruzuku ipo. Kila kura uliyopata uchaguzi uliopita inakuletea shilingi moja kila mwaka wa mchezo, hata kama huna mbunge. Mwanzoni shilingi zilikuwa karanga, na mwaka wa kwanza haujaisha Fundi alikuwa ameshaitafuna hazina ya Ngalawa. Sasa shilingi ni yale mahindi yaliyofukuzwa kwenye kopo. Mabichi hayaliki.

Urais unahitaji zaidi ya nusu ya kura, kama ilivyokuwa kwetu 1995. Mwaka 2000 Katiba ilibadilishwa, sasa anayeongoza kwa kura ndiye rais hata asipofika nusu. Nimechagua ya zamani kwa sababu za kibarazani tu: kati ya duru ya kwanza na ya pili watu huanza kuitana pembeni, na kuitana pembeni ndiko kunakofanya chai ipoe.

Karata ninayojivunia ni ya Kamati. Bungeni kwetu Kamati ya Hesabu za Serikali huongozwa na mbunge wa upinzani. Nimeifanya karata ya manila nyekundu. Baada ya uchaguzi, wanaikamata walioshindwa, wapige kura wenyewe nani aishike. Mwenye karata, mara moja kwa mwaka, anamwambia rais "fungua hesabu", na rais lazima alaze karata zake zote mezani, za siri na za wazi, kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Nilipomwonyesha Bajaji aliigeuza mara mbili mbili. "Hata mwenye visoda vinane anaweza kuipata?" Nikamjibu hata mwenye vitatu.

Vitatu havikutoka hewani. Shangazi yangu alikuja kutoka Mpwapwa kwa matibabu, akakaa kutuangalia, akauliza swali moja: "Na wanawake wa hiyo nchi wako wapi?" Mwalimu alipiga makofi peke yake. Kwa hiyo tuna viti maalumu: vinne juu ya wale 12, vinagawanywa kwa vyama vyenye angalau asilimia 5 ya kura, na asilimia 5 ya 60 ni 3. Ndicho kiwango cha Katiba yetu pia, ambayo inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30. Kwangu ni robo tu ya wabunge wote. Mwalimu ameshanipa notisi.

Shangazi mwenyewe tukamfanya Tume ya Uchaguzi. Vyama vyote vinne vilikubaliana kwa sekunde kumi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kopo linakaa mapajani mwake, na ukitaka kubisha unaanza na shikamoo.

Julai, Ukwaju inaanza upya

Tumerudi mwaka sifuri. Mwanzo umebadilika pia: Mzee sasa ndiye anayechagua lini mlango wa vyama ufunguliwe. Hili nimelitoa kwa Tume ya Jaji Nyalali ya 1991, maana linanishangaza hadi leo: takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na Julai 1992 vikaruhusiwa. Kwenye mchezo, Kinu kikifungua mapema kinapata heshima na wapinzani wachanga. Kikichelewa, kinapata muda, na hasira inalundikana chini ya mkeka. Mzee alifungua mwaka wa kwanza kabisa. "Mgeni umpokee mlangoni, asivunje dirisha," akasema, akajimiminia juisi ya zabibu.

Kinu kina karata nyingine ambazo wengine hawana: uwanja wa mpira, kumbi, viwanja mijini, vyote vya enzi ambapo chama na nchi vilikuwa mfuko mmoja. Anayeujua uwanja wa CCM Kirumba kule Mwanza anaelewa nimetoa wapi. Nilijua karata hizi zitaleta maneno. Sikujua zitaletwa na nani.

Agosti, duru mbili

Duru ya kwanza: Kinu 26, Taa 18, Ngalawa 11, Filimbi 5. Hakuna aliyefika 31.

Nusu saa ya mapumziko. Fundi aliitwa nyuma ya nyumba na Mwalimu, kisha na Mzee, kisha na Mwalimu tena. Bajaji na visoda vyake vitano alitembelewa chini ya mwarobaini kama bibi harusi. Nilisikia neno "waziri" likitajwa mara nyingi kuliko wizara zilizopo.

Duru ya pili, Shangazi akachota polepole, mkoa kwa mkoa, anasoma rangi kwa sauti. Mkoa wa kumi walikuwa 25 kwa 25. Kisiwa kikampa Taa vinne, Kinu kimoja. Mkoa wa mwisho, ule mkavu wa kaskazini wa mwenyekiti wangu mtaka maji, Taa vitatu, Kinu viwili. 32 kwa 28.

Kimya. Mzee akakusanya karata zake za uwanja na kumbi, akaziweka kwenye mfuko wa shati, akaaga, akavuka barabara kwenda kwake.

Wiki nzima barazani hapakuwa na habari nyingine. Fundi alisema mali ni za taifa, zirudi serikalini. Mwalimu, rais mteule, akasema akizinyang'anya atakuwa amewafundisha Kinu wasikubali kushindwa tena. Nikamtaja Kaunda wa Zambia, aliyeshindwa na Chiluba Oktoba 1991 akaondoka Ikulu bila vurugu. Fundi akajibu, "Kaunda hakuondoka na uwanja kwenye mfuko wa shati." Na mimi, mwenye kurasa kumi na nne za kanuni, sikuwa na kanuni ya hilo.

Jumamosi iliyofuata Mzee alikuwa wa kwanza kufika. Hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote chenye mto. Alivuta kigoda, akakaa kati ya Ngalawa na Filimbi waliokuwa wametoswa kwenye baraza la mawaziri licha ya ahadi zote. Wakanong'onezana. Kura tatu kwa sifuri, karata nyekundu ikaenda kwa Bajaji.

Bajaji akajikohoza, akamgeukia Mwalimu. "Mheshimiwa Rais, fungua hesabu."

"Siku ya kwanza?"

"Fungua, mama," Mzee akasema, huku Shangazi ameshaanza kuhesabu moja, mbili, tatu. Mwalimu akalaza karata zake mezani, na ya tatu kutoka kushoto ilikuwa amri ya kutaifisha uwanja, imeshatiwa sahihi.

Natafuta manila ya njano. Nyekundu imeisha.