Mbali na yale maghorofa mawili

Ukitaja mashambulizi ya ndege ya Septemba 11, 2001 New York watu wanawaza ile minara miwili ya World Trade Center tu, lakini mimi kinachoniumiza zaidi ni yale majengo ya jirani. Kuna jengo namba 7, ghorofa 47, halikugongwa na ndege hata moja, lilishika moto kutokana na vifusi vya mnara ulioanguka, na mabomba makubwa ya maji ya mtaani yalikuwa yamepasuka kwa hiyo mfumo wa kuzima moto kule ghorofa za chini haukupata maji, likaungua masaa karibu saba likaanguka jioni. Maji tu jamani!

Halafu jengo la Deutsche Bank, lilichanwa ubavuni, ndani vumbi lenye asbesto (nyuzi za madini zinazodhuru mapafu) na kuvu, ikabidi libomolewe pole pole. 2007 moto ukazuka humo na bomba la maji la zimamoto lilikuwa limekatwa huko chini, wazimamoto wawili wakafa. Miaka sita baadaye! Wamemaliza kulibomoa 2011.

Na stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Cortlandt Street, laini namba 1, iliyoharibiwa siku ile ile, imekuja kufunguliwa tena Septemba 2018.