Sadako Alipofika Kirumba

Kati ya filamu mbili za kutisha zenye hadithi moja, ya Kijapani na ya Kimarekani, ya Kimarekani ndiyo iliyotufikia kwanza Mwanza, ingawa ndiyo iliyotengenezwa baadaye. The Ring ya Gore Verbinski ilitoka mwaka 2002. Sisi tuliiona kwenye banda la video karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa kaseti iliyochakaa hadi picha zikawa na mistari. Habari yenyewe ni ya kaseti yenye laana: ukishaitazama, simu inalia, unaambiwa zimebaki siku saba. Kuiona habari hiyo kwenye kaseti ya kukodi, ambayo hujui imepita mikononi mwa nani, kulitosha kutunyima usingizi.

Mwaka 2004 kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alirudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam akiwa na CD za filamu ya Kijapani. Akasema hiyo ndiyo ya asili: Ringu, ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998, iliyotokana na riwaya ya Koji Suzuki. Tukaiweka usiku, sebuleni kwa mama mkubwa pale Kirumba.

Mama mkubwa alikuwa akiuza dagaa Mwaloni na hakuwa mtu wa filamu. Alikaa nasi kwa sababu alikuwa anahesabu hela zake, na taa iliyokuwa inawaka vizuri ilikuwa ya sebuleni. Wajapani walipoanza kusema, na maneno ya Kiingereza yakawa yanapita chini ya picha, akaniambia, "Soma kwa sauti, mwanangu, na mimi nijue wanasema nini." Basi nikawa natafsiri, sentensi baada ya sentensi.

Mwanzoni kaka alikuwa na wasiwasi kwamba tutachoka. Filamu hiyo haina haraka. Ya Kimarekani inakuonyesha mapema maiti zilizoharibika sura, kazi ya Rick Baker, fundi mkubwa wa vipodozi vya filamu. Ya Kijapani inakuonyesha mtu aliyekufa mdomo wazi kwa hofu, basi. Muziki ni mchache mno. Unasikia simu, unasikia maji, na katikati unaachwa na mawazo yako mwenyewe.

Kisha Reiko, mwandishi wa habari anayeichunguza kaseti, na Ryuji aliyekuwa mumewe wakavuka kwenda kisiwa cha Oshima. Hapo mama mkubwa aliziweka hela chini.

Kisiwani wanamkuta mzee mmoja wa ukoo wa Shizuko, mama yake Sadako, msichana mwenye laana ile ya kaseti. Mzee anasimulia kwamba Shizuko alikuwa akishinda ufukweni anaikodolea macho bahari, na wavuvi hawakumpenda kwa hilo, kwa sababu kila mwaka bahari inameza watu wao. Alikuwa akiongea na maji. Na kwenye kaseti yenyewe kuna sauti inayoonya kwamba anayecheza sana majini zimwi litamjia. Nilipotafsiri hayo mama mkubwa akasema, "Hao ni watu wa majini kabisa. Huyo mzee anajua anachosema."

Sikumuuliza zaidi, maana nilijua. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na shemeji yake alikuwemo. Wengi wamezikwa Igoma. Yeye hakupatikana.

Filamu ya Kimarekani nayo ina safari ya majini, tena tukio lake linatisha kweli: farasi anapata wazimu ndani ya kivuko, anavunja tela lake na kujirusha baharini. Kule bandani watu waliruka kwenye mabenchi. Naliheshimu tukio lile mpaka leo. Lakini hofu yake ni ya farasi. Maji pale ni ya kuangukia tu, wakati kwa Nakata hofu yote inatoka majini, kwa watu wanaokula kutokana na maji hayo hayo. Sisi tuliokulia kando ya ziwa hatukuhitaji kuelezwa.

Reiko akashuka kisimani alimofia Sadako, akaipata mifupa yake, akaikumbatia. Mama mkubwa akashusha pumzi: "Afadhali. Sasa atazikwa." Kaka akanitazama, maana sote wawili tulijua kwamba bado. Runinga ya Ryuji ikawaka yenyewe, kisima kikaonekana, na yule msichana akaanza kuja. Mwigizaji Rie Ino'o alitembea kinyumenyume mbele ya kamera, kisha picha ikarudishwa nyuma, ndiyo maana mwendo wake hauna mfano wake duniani. Nywele zimefunika uso wote. Hasemi neno. Samara, yaani Sadako wa filamu ya Kimarekani, tunamwona sura na kumsikia akihojiwa, na kila tunachokijua juu yake kinampunguzia kutisha. Sadako tunaonyeshwa jicho moja.

Mama mkubwa hakupiga kelele. Alisema kwa uchungu, "Lakini si wamemtoa?"

Mwisho ndio uliotuweka macho hadi usiku wa manane. Reiko anagundua kwamba amepona kwa kuwa alitoa nakala ya kaseti na kumwonyesha mwingine. Mwanawe Yoichi naye ameitazama. Basi anampigia simu baba yake mzazi, anamwambia ana ombi, kisha anaendesha gari kwenda kwake na mashine ya video.

"Anampelekea babu yake mtoto?" aliuliza mama mkubwa.

"Ndiyo, mama."

"Amemwambia ni kitu gani?"

"Hatujaonyeshwa."

Kaka akadai huo ni ukatili, binti kumtoa baba yake kafara. Mama mkubwa akamkatalia. Ukatili ni kumficha, alisema. Mzee aambiwe ukweli, achague mwenyewe. "Ingekuwa mjukuu wangu, mngeniletea hiyo kaseti na ningeitazama, kisha tungejua mbele ya safari." Walibishana kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa upande wake.

Kaka akataka tuweke na ya Kimarekani, tulinganishe hapo hapo. Mama mkubwa akauliza kama na humo yumo babu. Nikamwambia hayumo: mtoto anamuuliza mama yake huyo watakayemwonyesha atapatwa na nini, na mama anakaa kimya.

"Basi hiyo itazameni wenyewe," alisema, akakusanya hela zake akaenda kulala, kwani alfajiri alitakiwa kuwa Mwaloni.